UZI: Madoa meusi baada ya pumu ya ngozi. Soma kabla hujanunua kopo la kuyafuta

MtoaDawa_Mwanga (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi natoa dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Naandika kwa urefu kwa sababu dirishani nafasi haipo. Mtu anafika ana haraka zake, nyuma yake kuna foleni, anapandisha mkono wa gauni au suruali hadi gotini, ananiambia kwa sauti ya chini: "Dada, nipe kitu kitoe haya madoa." Wengi ni mabinti wa sekondari na akina mama, ila vijana wa kiume nao wapo. Kiangazi kikikolea, kuanzia Juni kwenda Agosti, upepo mkavu ukiwa unavuma na vumbi jekundu limetanda, wanaongezeka.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Doa jeusi lililoachwa na pumu ya ngozi halitibiwi kwa kuchubua. Linatibiwa kwa kuzima kwanza ule muwasho ulioliweka, kisha kulikinga na jua, kisha kulipa muda wake. Ukiruka hilo la kwanza, hela yote unayotoa baadaye inapotea, na mara nyingi unaondoka na doa jeusi zaidi ya ulilokuja nalo.

Nieleze linavyotokea. Pumu ya ngozi, au ukurutu, inampata mtu ambaye ngozi yake haishiki maji vizuri. Inakauka, inapata nyufa ndogo tusizoziona, sabuni na vumbi vinapenya, mwili unapambana navyo, panavimba na kuwasha. Akijikuna anazidisha. Ndani ya ngozi ya juu tuna chembe hai zinazotengeneza rangi, ile melanini. Ngozi ikivimba na kukunwa kila siku, chembe hizo zinatoa rangi kupita kiasi. Muwasho ukitulia, rangi iliyomwagika haitoweki siku hiyo hiyo. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi rangi hiyo ni nyingi na inakaa zaidi, ndiyo maana mtu anaweza kuwa amepona kabisa na watu bado wanamwona mgonjwa. Hilo linaumiza, nalijua, na simlaumu mtu yeyote anayetaka liondoke haraka.

Madoa yenyewe hayafanani. Yapo ambayo rangi yake iko juu juu, kahawia au kahawia iliyokolea. Hayo huondoka yenyewe, kwa wengi kati ya miezi sita na mwaka, kwa wengine zaidi. Yapo ambayo rangi imezama chini, ukiyatazama yana ukijivu unaoelekea bluu. Hayo yanaweza kukaa miaka, na hakuna kopo la sokoni linaloyafikia bila kuumiza ngozi iliyo juu yake.

Sasa, utajuaje kama pumu imezima au bado? Macho yanatudanganya. Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha ngozi nyekundu, ya kwetu haiwi nyekundu hivyo, inakuwa na uzambarau, ukijivu au weusi tu. Kwa hiyo mimi humwambia mtu atumie kidole. Fumba macho. Chukua mgongo wa kidole, siyo ncha, upitishe taratibu kutoka kwenye ngozi nzima kuelekea kwenye doa. Ukihisi mpaka, yaani panakwaruza, pamenenepa, au pana vipunje vidogo kama vya kuku aliyenyonyolewa, pumu bado ipo. Ukipita tu pakaanza kuwasha, ipo pia. Ukipitisha kidole na usijue doa limeanzia wapi wala limeishia wapi, hapo umebakiwa na rangi peke yake. Wengi wanaokuja dirishani kuomba dawa ya madoa, tukifanya hivi, inakuwa ni pumu inayoendelea.

Na ikiwa inaendelea, kazi yako ni hii. Oga maji ya uvuguvugu, siyo ya moto, usikae muda mrefu. Sabuni iwe ya mwili, isiyo na harufu kali, uipake sehemu zinazoihitaji tu, kwapa, sehemu za siri, miguu. Sabuni ya mche ya kufulia nguo usiipake kabisa. Dodoki liache. Ukitoka, jifute kwa kugusagusa taulo, na kabla ngozi haijakauka kabisa paka mafuta mazito yasiyo na manukato. Vaselini ya kawaida inafaa sana, na haina bei kubwa. Paka asubuhi na usiku, na katikati ukihisi kukauka. Watu wanapaka kidogo mno, yaani wanapaka kama mtu anayetaka kung'ara kwenye sherehe. Paka mpaka uone ngozi imeshiba.

Penye muwasho mkali inahitajika krimu ya steroidi, dawa inayotuliza uvimbe na muwasho. Hapa kuna makundi mawili na yote yananisikitisha. Kuna wanaoiogopa kiasi cha kumwacha mtoto akijikuna hadi damu, na kuna wanaoipaka kama losheni, mwili mzima, miezi. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ndiyo ya nguvu ndogo, inafaa usoni na kwa watoto kwa siku chache. Betamethasoni ina nguvu zaidi. Klobetasoli iko juu kabisa, na hizo zenye nguvu zinataka cheti cha daktari. Kipimo ni hiki: kamua dawa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia ncha hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Paka palipo na muwasho tu, mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoelekezwa, hadi palainike na paache kuwasha, mara nyingi wiki moja hadi mbili, kisha acha dawa na uendelee na mafuta. Usipake dawa na mafuta kwa pamoja, acha kama nusu saa kati yake. Na doa lililokwisha kulainika usilipake steroidi. Pale haina kazi ya kufanya.

Nitaendelea na jua na hizo krimu za kufifisha, ila kwanza nisikie maswali.

Mama_wa_Kasulu

Asante sana dada. Mimi binti yangu yuko kidato cha pili, anayo kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti tangu akiwa mdogo, ilianzia mashavuni akiwa hata mwaka hajatimiza. Siku hizi muwasho umepungua lakini nyuma ya magoti pameiva kabisa kwa weusi. Sketi ya shule haifiki chini, wenzake wanamsema, amefika mahali anavaa soksi ndefu hata juani. Bibi yake anamsugua na ndimu halafu anampaka mawese. Wengine wananiambia mafuta ya mise, yale ya kokwa za chikichi, ndiyo mazuri. Nifuate lipi?

MtoaDawa_Mwanga

Mama, pole, na mpe pole sana binti. Ndimu iishe leo. Tafadhali mweleze bibi kwa heshima, lakini iishe. Ndimu ni asidi, inachoma ngozi ambayo tayari ina nyufa. Tena maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi inaungua, inaweza kutoa malengelenge, na inapopona inaacha madoa meusi mapya. Yaani mnatafuta kuondoa doa kwa kitu ambacho chenyewe kinaleta doa. Magadi ya kuokea na dawa ya meno viko kwenye kundi hilo hilo.

Mawese na mise. Huku kwetu michikichi ndiyo maisha yetu, siwezi kuyadharau mafuta yake. Kama mafuta ya kulainisha ngozi, mise safi isiyochanganywa kitu inaweza kumfaa mtu asiyewashwa nayo. Mawese mekundu yanachafua sare, na yakiwa yamekaa hadi yakaanza kunuka yanawasha. Lakini hakuna kati yake yanayofuta doa. Msaada wake unaishia kwenye kulainisha, na kwa ngozi ya binti yako vaselini inafanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi kwa sababu haina harufu wala mchanganyiko.

Ninachoogopa zaidi ni sabuni ya mawese ya kienyeji. Inatengenezwa kwa kostiki soda, na anayeichemsha nyumbani hana mzani wa kuipima sawasawa. Ikizidi, sabuni inakwangua. Kwa nguo na vyombo ni sabuni nzuri sana. Kwa ngozi ya pumu, hapana.

Na nyuma ya magoti, mpime kwa mgongo wa kidole kama nilivyoandika juu. Pameiva kwa weusi na pamenenepa? Ngozi iliyokunwa miaka inanenepa na mistari yake inakuwa mikubwa. Hapo pana kazi ya daktari kwanza, madoa baadaye.

Kijana_wa_Kibirizi

Mkuu nakuelewa ila mimi kazi yangu ni ziwani na mwaloni. Usiku tunavua, mchana tunaanika dagaa. Nina madoa shingoni na mikononi, pumu yenyewe iliisha zamani. Jua silikwepi. Kuna mtu kaniambia ninunue mafuta ya kuzuia jua, nikacheka, mimi mwanaume mweusi nipake hayo ya nini?

MtoaDawa_Mwanga

Kaka, weusi wetu unatukinga na kuungua, hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini doa ni mahali ambapo chembe za rangi zimeshachokozwa, na mwanga wa jua unaziambia ziendelee. Tuko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, jua letu ni kali mwaka mzima, na pale unapoanika dagaa mwanga unakupiga kutoka juu, na tena kutoka kwenye mchanga na majini. Ndiyo maana doa lako la shingoni haliendi wakati lililo mgongoni, chini ya shati, limeshafifia. Jitazame uone kama sivyo.

Sikuambii uanze na kununua. Anza na nguo: shati la mikono mirefu lenye kola, kofia pana, kitambaa shingoni. Nguo iliyofumwa vizuri inakinga, haiishi kila saa mbili na haina gharama ya kila mwezi. Akina mama wanaoanika nao watumie kanga mabegani. Sehemu ambazo nguo haifiki, uso na migongo ya mikono, hapo ndipo pa mafuta ya jua, yaliyoandikwa SPF 30 (kiwango cha kukinga jua) au zaidi, upake kwa wingi na urudie kila saa mbili au ukishalowa. Kwa ngozi zetu yale yenye rangi ya kahawia ni bora zaidi, kwa kuwa yana oksaidi ya chuma inayozuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, na mwanga huo nao unakoleza madoa kwa watu weusi.

Niseme jambo moja hapa. Kuna mafuta ya jua yanayotengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Kwao ni kinga ya saratani. Ukipewa kopo hilo na mtu kwa njia za pembeni, usilichukue. Kuna mwenye ualbino aliyekosa lake.

Urembo_Asili

Mleta uzi unatisha watu. Mimi nauza vipodozi, nakutana na wateja wengi kama wewe. Mtu ana harusi mwezi ujao, unamwambia asubiri mwaka? Mchanganyiko mzuri kutoka ng'ambo ya ziwa unafuta doa ndani ya wiki mbili, nimeona kwa macho yangu. Siyo kila kitu ni mkorogo. Watu wanataka matokeo.

MtoaDawa_Mwanga

Dada, hujakosea kwamba unafuta haraka. Swali ni nini kimo ndani kinachofanya hivyo, na nitakujibu kwa uzito wote kwa sababu hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Kinachofuta doa kwa wiki mbili mara nyingi ni moja kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni zebaki. Inazuia ngozi kutengeneza rangi, lakini inapita ngozini na kuingia mwilini, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Hata watoto wanaolala naye, wanaotumia taulo lake, wanaipata. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipitishwa kwa ajili ya zebaki, na vipodozi vya kuchubua vimetajwa humo.

Cha pili ni haidrokwinoni. Hii ni dawa halali mikononi mwa daktari wa ngozi, asilimia 2 hadi 4, kwa miezi michache, akiangalia. Kwenye vipodozi hapa Tanzania imepigwa marufuku, na sababu ni kwamba ikipakwa muda mrefu, hasa juani, inageuka. Ngozi inakuwa nyeusi yenye ukijivu wa bluu, mashavuni na kwenye vifundo vya vidole, na hali hiyo ni ngumu mno kuiondoa. Nani kati yetu hajaona mama mwenye uso mweupe na vifundo vyeusi tii?

Cha tatu ndicho kibaya zaidi kwa mwenye pumu, ni klobetasoli iliyofichwa ndani ya krimu ya urembo. Kwa nini kibaya? Kwa sababu inatuliza pumu pia. Mtu anaona muwasho umeisha na doa linafifia, anasema nimepata dawa. Anapaka mwili mzima. Ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi, mishipa inaonekana, chunusi zinajaa usoni, na wengine sukari na presha zinapanda kwa kuwa dawa inaingia kwenye damu. Siku akiacha, pumu inarudi kwa hasira kuliko ilivyoanza, na madoa yanakuja upya. Anarudi kwenye kopo. Hapo hatoki tena kirahisi.

Kwa hiyo someni lebo. Ukiona hydroquinone, mercury, calomel (nayo ni zebaki), clobetasol, liache. Lebo ya Kifaransa au Kiingereza isikupoteze, majina haya hayabadiliki sana. Na krimu iliyochotwa kwenye ndoo kubwa ikawekwa kwenye kikopo kisicho na lebo, hata muuzaji mwenyewe hajui kilichomo. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kopo halali halifichi kilichomo.

Na yule wa harusi, dada, mwambie ukweli: kipo kipodozi cha kufunika kinacholingana na rangi yake. Anapaka siku hiyo, usiku anaosha, ngozi yake imebaki salama. Hicho unaweza kumuuzia na nitakuunga mkono.

Nyuki_wa_Tabora

Nimesoma kimya ila hapa kwa klobetasoli nimeshindwa. Wifi yangu huku Tabora alianza na doa dogo tu la pumu kwenye shavu. Aliuziwa krimu kwenye kibanda kimoja, ikamng'arisha kweli, tukamsifia wote. Baadaye akitoka juani uso unawaka kama amemwagiwa pilipili, nywele zimeanza kuota kidevuni. Sasa hivi yuko kwa mtaalamu wa ngozi, wanamwachisha kidogo kidogo. Anayesema watu wanataka matokeo aje amwone.

Nina swali la upande wangu. Huku tunalima tumbaku, msimu wa kuchuma majani mikono inawasha na kuacha madoa hadi kwenye vifundo vya mikono. Hiyo nayo ni pumu ya ngozi? Na asali yetu inasaidia?

MtoaDawa_Mwanga

Pole kwa wifi. Wanavyomwachisha kidogo kidogo ni sawa, asikate tamaa zile wiki uso unapowaka.

Majani mabichi ya tumbaku, na dawa mnazopulizia, yanaweza kuleta pumu ya ngozi ya mguso. Dalili yake ndiyo hiyo, inakaa pale tu panapogusa, na inatulia msimu ukiisha. Doa halitaondoka wakati mguso unaendelea. Mikono mirefu, glavu, kuosha mikono kabla ya kula na ukirudi nyumbani, kubadili nguo za shambani kabla ya kumbeba mtoto. Asali ya miombo ni nzuri na mimi naila, ila kwa doa sina sababu ya kukushauri uipake.

Tabibu_Mstaafu_Ujiji

Nimefanya kazi ya utabibu miaka mingi, sasa nimepumzika. Binti umeandika vyema. Naongeza moja tu lakini ni kubwa: siyo kila kinachowasha na kuacha doa ni pumu ya ngozi.

Upele, ule wa wadudu, unawasha usiku kuliko mchana, unakaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, na nyumbani huwi peke yako unayejikuna. Hapo anatibiwa kila aliye ndani ya nyumba siku moja, na nguo na mashuka yanafuliwa. Fangasi inatengeneza duara, ukingo umeinuka, katikati panaelekea kupona. Mkiipaka steroidi muwasho unapungua huku fangasi inatanuka, na duara lake linapotea hata daktari anashindwa kulitambua. Ndiyo maana sipendi zile krimu za dawa tatu katika tyubu moja zinazonunuliwa bila kuonwa na mtu.

Mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa na pumu, halafu akaanza kupata vipele vinavyowasha sana mikononi na miguuni, vikipona vinaacha madoa meusi ya duara mengi, aende akapime VVU. Nasema bila kumnyooshea mtu kidole. Dawa zipo, ni bure, na akianza dawa ngozi nayo hutulia.

Na baka lililopauka ambalo ukiligusa na pamba huhisi kitu, hilo usilipake chochote. Nenda kituo cha afya wakalipime ukoma. Dawa za ukoma ni bure tangu 1995, na anayewahi anapona bila ulemavu.

MtoaDawa_Mwanga

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, hili la krimu za tatu kwa moja nilitaka kulisema, umelisema vizuri kuliko mimi.

Bi_Gungu

Samahani, wa kwangu ni kinyume. Mtoto wa miaka minne, pumu ilipopoa mashavuni amebakiwa na mabaka meupe. Jirani zangu wote wanasema ni minyoo, nimeshampa dawa ya minyoo na mabaka yapo.

MtoaDawa_Mwanga

Mabaka hayo hayatoki kwenye minyoo, dada. Pumu inaweza kuacha weusi kwa mmoja na weupe kwa mwingine, hata kwa mtu yule yule. Hayo ya mashavuni kwa watoto ni ya kawaida sana, yana ukavu kidogo na unga unga juu. Yanaonekana zaidi akicheza juani kwa sababu ngozi ya pembeni inakolea na baka linabaki nyuma. Mpake mafuta mazito mara kwa mara, mvalishe kofia, rangi inarudi taratibu kwa miezi. Na ujaribu alivyosema mzee: mfumbe macho, mguse na pamba akuambie anahisi wapi.

Kijana_wa_Kibirizi

Mkuu uliahidi krimu za kufifisha. Sisi ambao pumu imeshaisha kabisa na nguo tumekubali kuvaa, hatuna cha kupaka?

MtoaDawa_Mwanga

Vipo, na sikuanza navyo makusudi. Cha kwanza ningekushauri umuulize mfamasia ni asidi ya azelaiki, asilimia 15 hadi 20. Inapunguza utengenezaji wa rangi bila kuchubua ngozi nzima ya pembeni. Inachoma kidogo mwanzoni. Cha pili ni niasinamaidi, asilimia 4 au 5, ambayo ina upole na inasaidia pia ngozi kushika maji, kwa hiyo mwenye historia ya pumu anaivumilia vizuri. Vitamini C wengine inawafaa, ila kwa ngozi ya pumu mara nyingi inawasha. Retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A, zinafanya kazi lakini zinakausha na zinaweza kuamsha pumu, hizo ni za kwa daktari. Kuchomwa kwa asidi saluni, au mionzi ya leza kwa mtu asiyezoea ngozi nyeusi, kunaleta madoa mapya, kaa mbali.

Chochote utakachochagua, kijaribu kwanza sehemu ndogo upande wa ndani wa mkono kwa siku kadhaa. Kikiwasha, acha, kwa sababu muwasho ndio uliokuletea doa. Kisipowasha, tumia kimoja tu, usichanganye vitatu, na usikihukumu kabla ya miezi mitatu. Piga picha mahali pamoja, saa ile ile ya siku, mara moja kwa mwezi. Doa linalofifia polepole huwezi kuliona kwenye kioo cha kila asubuhi, picha zitakuonyesha.

Mama_K

Na mjamzito?

MtoaDawa_Mwanga

Mafuta mazito, nguo, mafuta ya jua, na asidi ya azelaiki kwa ushauri wa kliniki. Retinoidi na haidrokwinoni hapana. Vikopo visivyo na lebo hapana kabisa.

Mama_wa_Kasulu

Nimempima binti kwa mgongo wa kidole kama ulivyosema. Panakwaruza, pamenenepa, na amekiri huwa anajikuna akilala. Kumbe bado ipo. Bibi amekubali kuacha ndimu, ila anauliza lini tumpeleke hospitali na tuanzie wapi.

MtoaDawa_Mwanga

Msalimie bibi, na umwambie namshukuru.

Mpelekeni wiki hii, ila siyo mbio. Anzieni hospitali ya hapo Kasulu, ngozi iliyonenepa inataka steroidi yenye nguvu ya kutosha kwa muda mfupi na anayeifuatilia, siyo ile ndogo ya dirishani kwangu. Wakiona haikai sawa watawaandikia rufaa ya Maweni, hospitali ya mkoa hapa Kigoma, na juu ya hapo ipo hospitali ya Bugando, Mwanza. Mpaka siku ya kwenda, mkate kucha ziwe fupi, alale na nguo nyepesi ya pamba, na mafuta apake hata usiku wa manane akiamka anawashwa.

Kwenda mbio ni pale panapotoa majimaji na kuganda ukoko wa njano, pakiuma na kuwa pa moto, au akipata homa. Na mkiona malengelenge madogo yaliyojipanga pamoja, yanauma, yanaenea haraka, hasa karibu na macho, hiyo ni ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mkienda, bebeni kila alichowahi kupaka, sabuni, mafuta, tyubu zilizoisha, hata kikopo kisicho na lebo, mviweke mezani kwa daktari. Na mwombeni amweleze binti mwenyewe kwamba weusi ule utafifia baada ya ngozi kulainika, ili hiyo miezi aisubiri akijua anachosubiri.